Siku 4, gari moja: I-90 ya South Dakota au I-40 ya Arizona?

Wanaopanga safari ya gari Marekani wengi huanza na ramani nzima: Yellowstone, Grand Canyon, kisha California wakipata nafasi. Siku 4 hazitoshi hata robo ya hayo. Shika kipande kimoja cha barabara kuu moja ukimalize. Vipande viwili vinavyolipa kwa wingi wa vituo ni I-90 ndani ya South Dakota, kutoka Sioux Falls hadi milima ya Black Hills, na I-40 ndani ya Arizona, kutoka karibu na mpaka wa New Mexico hadi Kingman, ambako Route 66, barabara maarufu ya zamani iliyotangulia I-40, hujitokeza na kupotea ubavuni mwake. Vyote viwili vina hifadhi za taifa, miji midogo, na vile vioja vya kando ya njia vilivyojengwa makusudi ili msafiri apunguze mwendo na kufungua pochi.

Kwenye I-90 karibu kila kituo kiko barabarani penyewe au dakika chache kando, na ukichelewa hupotezi kitu. Kwenye I-40 kituo kikubwa kuliko vyote kiko maili 60 nje ya barabara, kingine hufungwa geti jioni, na anayechezea saa hurudi na picha za mageti.

Jambo moja linafaa kote kuwili. Namba za njia za kutokea kwenye barabara hizi ni maili zinazohesabiwa kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo. Ukiwa Mitchell, namba 332, na unakwenda Wall, namba 110, umebakiwa na maili 222, na huhitaji simu kukuambia. Kikomo cha mwendo I-90 ya South Dakota ni maili 80 kwa saa (karibu kilomita 129), I-40 ya Arizona ni 75 (kilomita 121).

I-90: kutoka mahindi hadi nyati

Saa ya kwanza kutoka Sioux Falls ni mashamba matupu. Pa kwanza kusimama ni Mitchell. Corn Palace ni ukumbi wa michezo na tamasha ambao kuta zake za nje zimepambwa kwa picha za mahindi halisi: magunzi yaliyopasuliwa na kupigiliwa misumari, kila rangi ikitoka kwenye aina yake ya mbegu. Ukumbi wa kwanza ulijengwa 1892, huu wa sasa ni wa 1921. Kuingia ni bure na nusu saa inatosha. Picha za zamani hubanduliwa mwishoni mwa kiangazi na mpya hukamilika kuelekea Oktoba, kwa hiyo anayepita Septemba anaweza kukuta ukuta nusu uchi. Kwa mtu aliyekulia akipukuchua mahindi uani, kuyaona yamepigiliwa ukutani ni kioja cha kutosha.

Chamberlain, kati ya namba 263 na 265, pana kituo cha mapumziko juu ya mto Missouri. Hapo imesimama Dignity, sanamu ya chuma cha pua yenye urefu wa futi 50 (mita 15), mwanamke wa kabila la asili aliyetandaza blanketi la nyota mabegani. Iliwekwa 2016, ni bure, na choo kipo. Ukila chakula ulichobeba, kilie hapa. Ukishapita Murdo saa inarudi nyuma kwa saa moja, hivyo unaifika hifadhi ya Badlands mapema kuliko ulivyohesabu.

Namba 131, 127 na 116 ni makumbusho moja ya kombora la nyuklia, Minuteman, yaliyogawanyika mara tatu. Namba 131 ni jumba la maonyesho, bure. Namba 116 ni shimo lenyewe la kombora, unachungulia kupitia kioo, bure pia, dakika 20. Namba 127 ni chumba cha chini ya ardhi walikokaa maofisa wawili wakingoja amri ya kurusha. Huko lazima uweke nafasi mapema, maana kila kundi ni la watu 6 tu. Mlango wake mzito umechorwa kisanduku cha piza na ahadi ya kufikisha mzigo popote duniani ndani ya dakika 30.

Namba 131 hiyohiyo ndiyo mlango wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Badlands. Hapa ndipo wengi hukosea: huendelea na I-90 hadi Wall kwa sababu ni maili 21 tu. Toka, shika barabara 240, ipite hifadhi yote, kisha rudi I-90 kwenye namba 110. Ni karibu maili 39. Bila kusimama ni saa moja na zaidi. Ukisimama inavyostahili ni saa 3 hadi 4. Njia za miguu zilizo karibu na lango la mashariki ni fupi: Window robo maili, Door robo tatu ya maili, Notch maili moja na nusu kwenda na kurudi, yenye ngazi ya magogo yaliyofungwa kwa kamba za chuma. Anayeogopa urefu aishie chini ya ngazi, kwa sababu kushuka kunatisha kuliko kupanda.

Kinachoharibu Badlands ni mvua na saa 6 mchana. Udongo wake ukilowa unateleza kama sabuni na kuganda kwenye soli kama saruji mbichi, basi Notch baada ya mvua iache. Mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 38, kivuli hakuna, na jua la utosini hufuta rangi zote za miamba ikabaki kijivu. Mistari myekundu na ya manjano unayoiona kwenye picha huonekana alfajiri na magharibi. Ndiyo maana inafaa kulala humo humo, kwenye kambi ya Cedar Pass au kijiji cha Interior, au hata Wall, kuliko kusukuma gari hadi Rapid City usiku. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu, na usiingize mkono kwenye nyufa usizoziona ndani: nyoka wa njuga wapo.

Kabla ya kutokea Wall kuna barabara ya changarawe inayokata kushoto, Sage Creek Rim. Maili 5 hivi ndani yake ni kijiji cha prairie dog, viumbe wa jamii ya kindi wanaoishi mashimoni na kupigiana kelele za tahadhari, na hapo ndipo penye uwezekano mkubwa wa kuona nyati wa Marekani. Soma mkataba wa gari la kukodi kwanza, maana mingine inakataza barabara isiyo ya lami, na mvua ikinyesha barabara hiyo huwa tope.

Wall Drug hutahitaji kuelekezwa. Mabango yake yatakuwa yamekufuata tangu asubuhi. Ted Hustead alinunua duka la dawa katika mji huu wa vumbi 1931, biashara ikadoda, hadi 1936 mkewe Dorothy alipopendekeza waweke mabango ya kuwaahidi wasafiri maji ya barafu bure. Maji bado ni bure, kahawa senti 5. Kunywa, kula donati, piga picha, ondoka baada ya dakika 45. Vitu vingine humo ni fulana na sumaku za friji.

Kutoka Rapid City (namba 57) unaingia Black Hills, na hapa toa siku nzima. Mount Rushmore yenyewe ni kituo cha saa moja na nusu: nyuso 4 za marais zenye urefu wa futi 60, zilizochongwa 1927 hadi 1941 chini ya Gutzon Borglum. Nenda asubuhi, jua likiwa usoni mwao. Inafaa pia kujua unasimama kwenye ardhi ya nani: mkataba wa 1868 uliwaachia Walakota, kabila la asili, milima hii, ikatwaliwa dhahabu ilipopatikana. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua walipwe, nao wamekataa fedha hadi leo kwa sababu wanachotaka ni ardhi. Crazy Horse, mlima wa jirani unaochongwa tangu 1948 kwa heshima ya kiongozi wao, haujakamilika. Uso wake, futi 87 na nusu, ulizinduliwa 1998.

Kwa maoni ya wengi wanaoijua njia hii, Custer State Park, hifadhi ya jimbo, inashinda Rushmore. Barabara ya wanyama ni maili 18, ipite saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza. Nyati ni zaidi ya 1,000, na wakikalia lami, zima injini usubiri. Usitoke garini kwa picha: nyati hukimbia kilomita zaidi ya 50 kwa saa. Punda wa hapo huingiza kichwa dirishani kuomba chakula. Kisha toka kwa barabara ya Iron Mountain ukielekea kaskazini, si kusini, kwa sababu mahandaki yake yalipangwa yawe fremu ya Rushmore mbele yako. Barabara ya Needles ni nzuri vilevile, lakini handaki lake moja lina upana wa futi 8 tu (mita 2.4). Gari dogo hupita kwa kukunja vioo. Gari-nyumba halipiti, na kurudi nyuma mlimani na foleni ya magari nyuma yako si jambo la kumtakia mtu.

I-40: kutoka miti ya mawe hadi korongo

Arizona huanza vizuri na huadhibu mzembe mara moja. Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest iko namba 311, na barabara yake ya maili 28 inakata kutoka I-40 kaskazini hadi barabara 180 kusini. Kaskazini ni Painted Desert, jangwa la rangi ya waridi na udongo mwekundu. Kusini ni magogo ya miti ya zaidi ya miaka milioni 200 yaliyogeuka mawe ya rangi ya nyama mbichi, zambarau na njano. Ukitoka mashariki ingia namba 311, shuka kusini, kisha shika 180 hadi Holbrook. Ukitoka magharibi fanya kinyume chake: toka Holbrook kwa 180, maliza kwenye I-40. Wanaoingia na kurudi kwa lango moja hulipa maili 28 za bure.

Geti hufunguliwa saa 2 asubuhi na kwa kawaida hufungwa saa 11 jioni. Kulala na gari humo hairuhusiwi. Tenga saa 3: Blue Mesa maili 1 (kinachochosha ni mteremko wa mwanzo, kwa sababu utaupanda ukirudi), Crystal Forest robo tatu ya maili, na gari la Studebaker la 1932 lililowekwa mahali Route 66 ilipopita. Usiokote hata kipande cha jiwe. Ni kosa, na ofisi ya hifadhi ina rundo la mawe yaliyorudishwa kwa posta na watu waliojuta.

Holbrook ni mahali pa kulala, na sababu ni Wigwam Motel: vyumba 15 vya saruji vyenye umbo la hema la ngozi, vilivyojengwa 1950, na magari ya zamani yameegeshwa mbele ya vyumba. Vyumba ni vidogo na vya kizamani, unalipia umbo. Kiangazi hujaa mapema. Winslow, namba 252, ina kona yenye sanamu ya mwanamuziki iliyotokana na wimbo wa miaka ya 1970. Dakika 10. Kinachostahili zaidi Winslow ni La Posada, hoteli ya reli ya 1930 iliyobuniwa na Mary Colter. Hata usipolala, kula mchana hapo.

Namba 233, halafu maili 6 kusini: Meteor Crater, shimo lililochimbwa na kimondo yapata miaka 50,000 iliyopita, upana karibu kilomita 1.2, kina mita 170. Ni mali binafsi, kiingilio ni zaidi ya dola 25 kwa mtu mzima, na pasi ya hifadhi za taifa haikusaidii. Kuteremka ndani hakuruhusiwi. Unatazama kutoka ukingoni, mara nyingi katika upepo wa kung'oa kofia. Mpenda sayansi ataona thamani. Mwenye watoto wadogo watatu ataona shimo.

Grand Canyon ina njia mbili, na iliyo maarufu ndiyo mbaya zaidi. Watu huenda Williams, hushika barabara 64 kaskazini maili 60, hufika lango la kusini saa 5 asubuhi na kukaa foleni, kisha huzunguka kutafuta maegesho. Lala Flagstaff badala yake. Alfajiri shika barabara 89 kaskazini hadi Cameron, kata kushoto kwa 64, uingie lango la mashariki la Desert View. Foleni huko ni fupi, unapata mnara wa mawe wa 1932 ambao nao ni kazi ya Colter, na vituo vya kutazamia korongo vinajipanga mkono wa kulia kwa maili 25 hadi kijijini. Jioni unatoka kusini, wenzako wakiwa wameshaondoka, unalala Williams. Ukianza mapema, njiani unaweza kuchepuka Sunset Crater, volkano iliyozimika, na Wupatki, magofu ya nyumba za mawe mekundu.

Ukingo wa kusini uko mita 2,100 juu ya bahari. Aliyetoka Phoenix jana atahema. Kanuni ya korongo ni kwamba ukishuka saa 1 utapanda saa 2, na wanaookolewa wengi ni wale walioona kushuka ni rahisi. Kwa siku moja, Ooh Aah Point kwenye njia ya South Kaibab inatosha: maili 1.8 kwenda na kurudi, hufikiwa kwa basi la bure tu, na maji hakuna.

Siku ya mwisho ni Route 66 yenyewe. Toka I-40 pale Seligman, namba 123, upite barabara ya zamani hadi Kingman, karibu maili 87. Ni Seligman ambako kinyozi Angel Delgadillo aliongoza wenzake 1987 kudai barabara itambuliwe kuwa ya kihistoria, baada ya I-40 kuupita mji na wateja kutoweka. Kula Snow Cap, mgahawa ulioanzishwa na ndugu yake Juan 1953. Vitasa vya mlango vitakuchezea. Baada ya hapo ni nyasi, treni ndefu za mizigo na duka la Hackberry. Oatman, ng'ambo ya Kingman, ina punda wanaotawala mtaa mmoja. Aliyewahi kupishana na punda vichochoro vya Lamu hatashtuka. Kona za kupanda Sitgreaves Pass ni kali, na gari la zaidi ya futi 40 haliruhusiwi.

Kiingilio

Kwa gari moja, South Dakota: Badlands dola 30, maegesho ya Rushmore dola 10 (pasi haiyalipii), leseni ya Custer ambayo ni ya jimbo, na Crazy Horse ambayo ni ya binafsi. Ukiongeza Devils Tower, mnara wa mwamba ng'ambo ya mpaka, Wyoming, ni dola 25. Pasi ya mwaka ya dola 80 hairudishi fedha yake hapa: inalipia 55 tu. Arizona: Petrified Forest 25, Grand Canyon 35, Sunset Crater na Wupatki kwa pamoja 25. Jumla 85, pasi imejilipa.

Hayo ni kwa mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho. Kuanzia Januari 2026, mgeni asiye mkazi, mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, huongezewa dola 100 kila mmoja katika hifadhi 11, Grand Canyon ikiwamo, isipokuwa ana pasi ya wageni ya dola 250. Badlands na Rushmore hazimo. Kama shangazi na wajomba wanakuja kutoka Dar es Salaam au Mombasa kukutembelea, tofauti hii peke yake inaweza kuamua. Beba kadi ya benki; Grand Canyon haipokei noti langoni.

Majira na gari

South Dakota ni ya mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Oktoba. Barabara ya Needles hufungwa majira ya baridi, na vibanda vingi vya Black Hills hufunga pia. Epuka siku 10 za Agosti za mkutano wa pikipiki wa Sturgis: vyumba hupanda bei mara kadhaa na kuisha. Juni na Julai mvua ya mawe ya alasiri inaweza kuvunja kioo cha gari, hivyo bima ya gari la kukodi usiiruke. Arizona inafaa mwaka mzima ukivumilia theluji ya Flagstaff. Julai hadi katikati ya Septemba dhoruba za radi huja baada ya saa 7 mchana, basi kaa mbali na ukingo wa korongo. Arizona haibadilishi saa majira ya kiangazi, lakini eneo la Wanavajo, kabila la asili, hubadilisha, na simu ikishika mnara wa kwao itakudanganya kwa saa nzima. Geti la Petrified Forest linafuata saa ya Arizona.

Pampu za Black Hills huuza petroli ya oktani 85 kama ndiyo ya kawaida. Magari mengi yanahitaji 87, na kifungo chake ni cha pili. Nyama ya halali usiitegemee njiani; nunua Minneapolis au Phoenix, uweke kwenye kasha la barafu.

Nani aende wapi

Aliye Minnesota, Iowa au Nebraska na watoto wa shule ya msingi aende I-90 bila kujadiliana: vituo vifupi, vya bure vingi, nyati dirishani. Ubaya wake ni kurudi kwa njia ileile, isipokuwa ukirudi kwa ndege kutoka Rapid City, ambako kuacha gari la kukodi hutozwa ziada.

Anayetua na ndege achague Arizona, kwa kuwa njia yake ni duara: Phoenix hadi Holbrook kupitia Payson saa 3 na nusu, kisha magharibi hadi Kingman, na kurudi Phoenix kwa barabara 93 saa 3. Vivyo hivyo mwenye likizo ya Desemba, au mwenye wazazi wazee wanaotaka kuona jambo moja kubwa bila kutembea: kwenye vituo vya kutazamia vya barabara ya Desert View gari huegeshwa hatua chache kutoka ukingoni.